Kunde za Mteremkoni

Jumanne, Januari 1975

Eti shamba chafu. Mimi niliyekata mkonge Tanga, leo naitwa mvivu mbele ya kijiji kizima.

Nilipanda kunde zitambae katikati ya mtama wetu wa ujamaa, zishike udongo wa mteremko. Mwenyekiti wa kijiji anaona magugu. "Kesho zing'olewe zote, ardhi ionekane."

"Utaiona, Ndugu Mwenyekiti, ikipita mlangoni kwako."

Watu wakacheka, yeye akanuna. Naogopa. Wingu limefunga, na mvua moja ikikuta mteremko mtupu, mtama wa watoto wetu...

Mke wangu kawapitia wanawake wenzake: alfajiri waje kuchuma majani ya kunde. Kunifokea mimi, Mwenyekiti ataweza. Kung'oa mboga ambayo mama yake mzazi anaichuma, tuone.