Kumfuta Mama kwenye Skrini

Jumamosi, 4 Mei
Baba kanipigia simu studio ya picha, kazini kwangu, wateja wamejaa kaunta. Anataka picha mpya ya kupamba skrini ya kompyuta. Ile kompyuta yake – plastiki imeshageuka rangi ya meno ya mvuta sigara – hataki kusikia ibadilishwe. Nikamwambia nitampelekea milima, maua. Milima ya nini, kasema, yeye hana ndugu mlimani. Anataka ile ya familia: yeye kakaa kitini, Mama kasimama nyuma yake, mimi mbele na mapengo yangu mawili. "Ndiyo picha pekee niliyocheka."

Nikafurahi. Mjinga mimi.

Jumapili, 5 Mei
Nimeiskani, nimeipunguza ienee. Nukta 640 kwa 480, rangi 256, basi. Tumetoka madoadoa kama wagonjwa wa surua. Nikampelekea nyumbani. Mashine yake ilichukua dakika nne kuifungua, mstari kwa mstari kutoka juu, kwa hiyo Mama ndiye aliyetangulia kuingia. Baba kasogeza kiti karibu. Mama Mdogo kapita na ufagio, kasimama, kisha kaendelea kufagia palepale alipokwisha kufagia.

Miaka mitatu tangu Mama afariki. Mwaka na nusu tangu Baba amuoe huyu Mama Mdogo. Sijamkosea adabu hata siku moja. Naandika ili nijikumbushe.

Jumanne, 7 Mei
Baba tena. Sauti ya chini, bila shaka yuko uani. Mama Mdogo hana raha. Kila akiingia sebuleni kufuta vumbi, anatazamwa na mwenye nyumba. Ndivyo alivyosema – mwenye nyumba. Sasa anauliza, naweza kumtoa?

Kumtoa nani? Nilimlazimisha aseme.

"Mama yako."

Nikamwambia tuweke picha nyingine. Hapana, ile anaipenda. "Fanya tu, mwanangu, tupate amani."

Amani. Huyu ni mpima ardhi mstaafu. Aliwahi kusimama katikati ya watu wenye mapanga wanaogombea mpaka, akawaambia washike kamba wamsaidie kupima. Leo anaongea na bintiye kwa kujificha nyuma ya pipa la maji.

Alhamisi, 9 Mei
Nimekwenda. Mama Mdogo mwenyewe kanifungulia, kaniletea chai, kakaa. "Sina chuki naye, mwanangu. Hata simjui. Ila najiona mgeni kwangu."

Ningependa awe na roho mbaya. Ingenirahisishia.

Programu ya kuchorea ya mashine ile haina ujanja. Unachota rangi ya ukuta, unaibandika nukta moja moja. Nikaanza na nywele. Kisha paji la uso. Macho yote mawili yamekwisha kwa nukta kumi na moja. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo – hilo ndilo linaloniuma. Nimefanya kazi safi, kama ya mteja.

Picha ya karatasi nimeitia mkobani nikaondoka nayo. Baba hakuuliza iko wapi.

Jumamosi, 11 Mei
Mama Mdogo kaenda sokoni. Nimemaliza ukuta. Vimebaki vidole vinne vya Mama kwenye bega la Baba. Kuvitoa ni kulishona koti upya, nukta kwa nukta. Nilikuwa nimeshajiandaa. Mara nasikia nyuma yangu:

"Hapo paache."

"Ataona, Baba."

"Ni vidogo."

Nikageuka. Hakuwa ananitazama mimi. Nilitaka kumkumbatia, na papo hapo nilitaka kumfokea. Ujasiri wote wa baba yangu, upana wa vidole vinne! Na hata huo lawama zake zitaniangukia mimi, maana mshika kipanya ni mimi.

Nikahifadhi. Nikazima.

Jumapili, 12 Mei
Naandika jikoni kwa Baba, daftari juu ya friji.

Mama Mdogo aliipenda. Ukuta mtupu, Baba anacheka, mimi na mapengo yangu. Kasema sasa pana nafasi ya kupumua. Kisha kavaa miwani, kainama.

"Hiki nini hapa begani?"

Baba kakunja gazeti. "Kunjo la koti."

"Kunjo lina kucha?"

Baba akanitazama mimi. Naye Mama Mdogo akanitazama. Akasema, bila hasira, kwamba hataki kugombana na mtu, anataka tu kuambiwa. Nikasubiri Baba afungue mdomo. Akafungua gazeti.

Nikasema nakwenda kutazama jiko. Hakuna kilichoinjikwa jikoni.

Sasa nasikia kiti kinavutwa. Kipanya kinabofya. Sijui kimeshikwa na nani kati yao. Mama Mdogo hajawahi kuigusa mashine ile. Kinabofya, kinasita, kinabofya tena.

Halafu namsikia Baba, sauti ileile ya chini, anaelekeza.

"Siyo hapo. Chota kwanza rangi ya koti."