Baba Mkwe Ameukataa Upele wa Zambarau

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla Jumapili haijafika, maana Jumapili nitakaa tena meza moja na baba mkwe wangu na sijui chakula kitapita wapi.

Mimi ni daktari wa ngozi, nafundisha chuo cha udaktari, na mkuu wa idara yetu ndiye baba mzazi wa mume wangu, yaani ofisini ananiita "Daktari" na nyumbani "mwanangu", na mpaka mwaka huu tulielewana vizuri mno. Mwaka jana uongozi wa chuo uliniomba nibuni mpango wa kumkaribisha msanii akae nasi mwaka mzima, achore katikati ya madarasa na wodi, atuonyeshe jinsi rangi ya mtu inavyobadilisha namna jicho la tiba linavyomtazama, nami niliandika maneno mazito mshauri, "ubaguzi wa rangi", "mjadala wa kina", wakubwa wakapiga makofi, ila moyoni nilikuwa nikifikiria picha za kupamba korido, zile za kumtuliza mgonjwa anayesubiri vipimo.

Akaja mchoraji, mama wa makamo, wanafunzi wakambatiza Mama Brashi, na siku ya kwanza tu aliketi nyuma ya darasa langu, nikaonyesha picha za vipele kutoka kwenye kitabu tunachotumia miaka yote, akanyoosha mkono. "Samahani Daktari, hawa wote ni Wazungu. Wagonjwa wako wako wapi?" Nikasema wako wodini. "Na upele kwenye ngozi kama yangu una rangi gani?" Darasa zima likaitikia, "Mwekundu!" Yule mama akautazama mkono wake, akaugeuza, akautazama tena, akacheka mpaka akavua miwani.

Tangu hapo hakukaliki. Anashinda wodini na visahani vyake vya rangi, anamwomba mgonjwa ruhusa, anakaa kando ya kitanda akichanganya zambarau, kahawia na kijivu mpaka rangi ifanane na ngozi, wanafunzi wamemzunguka, na picha zikapanda ukutani korido nzima. Ukafika mtihani, wakaletewa mgonjwa mweusi kama mimi, karibu nusu ya darasa wakaandika "vipele vya zambarau", na ndivyo vilivyokuwa, niliviona kwa macho yangu, lakini baba mkwe akasahihisha kwa mwongozo wa zamani unaosema "vyekundu", akawafelisha. Sasa ameagiza warudie mtihani, picha zishushwe, na mwaka wa pili wa mpango nitafute msanii mwingine, "mtu wa maua na mandhari, mwanangu, asiyevuruga vijana." Baba watoto naye ananiambia nyamaza, mzee ana presha.

Kilichonimaliza ni Jumapili iliyopita. Mzee alikunja mikono ya shati ili anawe, nikaona kifundo cha mkono kimejaa vipele vya zambarau vinavyong'aa, anajikuna hadi sahani zinatikisika, mama mkwe akasema, "Si umwonyeshe mkweo?" naye akajibu, "Joto tu hili. Ungekuwa ugonjwa ungekuwa mwekundu." Mshauri, niliinamisha kichwa nikajiongezea mchuzi. Sasa nimfukuze Mama Brashi, au nigombane na baba mkwe?

Mkwe Mtiifu

JIBU

Mkwe Mtiifu, pole sana. Pole imeisha, sasa sogea karibu nikugombeze.

Wewe ni daktari wa ngozi. Mgonjwa wa ngozi anajikuna mbele yako, na tiba uliyoiona ni kujiongezea mchuzi, kisha unaniandikia mimi, ambaye upele pekee ninaoujua ni ule unaonitoka nikisoma barua kama yako! Na huo mpango wako: uliandika "ubaguzi wa rangi" ukitegemea uletewe maua? Umeletewa ulichokiomba. Mama Brashi hajavuruga kijana yeyote, amewafundisha kuamini macho yao.

Mkweo simwoni kuwa mtu mbaya. Alifundishwa hivyo, mpaka mzee wa watu anautilia shaka mkono wake mwenyewe kwa sababu kitabuni haumo. Hilo si la kucheka, ingawa nimecheka kidogo, unisamehe.

Usingoje Jumapili, mambo haya hayasemwi katikati ya sahani. Kesho asubuhi vaa koti lako jeupe, gonga mlango wa ofisi yake, mwambie, "Baba, leo nimekuja kama daktari, naomba nione mkono." Mtibu kwanza. Mtihani usiutaje hadi umemaliza kumwandikia dawa. Kisha muulize: wewe ungekuwa mwanafunzi, upele huu ungeuandika rangi gani? Halafu nyamaza. Kunyamaza unakuweza.

Akilainika, mwongozo urekebishwe na karatasi zisahihishwe upya. Akikaza shingo, peleka suala hilo kwenye kamati ya mitihani bila kumvunjia heshima, na shikamoo yake umpe kama kawaida. Baba watoto mwambie presha ya mzee ina dawa zake, na ukimya wako si mojawapo.

Mama Brashi abaki. Andika kwenye mpango wa mwaka wa pili kwamba picha zake ziingie darasani na kwenye mtihani, na kwamba mgonjwa akikataa kuchorwa asibembelezwe. Anayetaka maua aende bustanini.

Vijana hao karibuni watamaliza chuo waanze kututibu, na miongoni mwa watakaotibiwa nimo mimi na ngozi yangu hii. Nataka daktari anayenitazama mimi, asinitafute kitabuni. Haya, nenda kagonge mlango.