Muwasho Aliouficha Mama

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili mchana, 14 Juni

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Hujambo? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa asubuhi? Nasikia hotelini wamekuongezea zamu, tena za kusimama. Basi tafuta kiti ukae, maana leo nimeandika mengi.

Sisi hatujambo. Kaka yako mzima, ila mgongo humuuma kila penye ndoo za kubeba. Ndoo zikijaa, mgongo unapona. Binti yetu amerefuka hadi viatu vyangu vinambana.

Sasa nije kwenye lile uliloniuliza. Ulisema Mama akipokea simu yako anaikata upesi, na unahisi amekukasirikia kwa sababu hukurudi mwaka huu. Wifi yangu, liondoe hilo moyoni. Mama hakuwa na hasira na mtu. Alikuwa anaumwa, na ugonjwa wenyewe ulikuwa mahali ambapo alishindwa kupataja. Amenipa ruhusa nikuandikie. Kwa simu hataki, anasema nyumba hii ukinong'ona chumbani, jirani anaitikia.

Tulianza kuona anaiacha cherehani yake. Anashona mstari mmoja, anainuka, anakwenda msalani, anarudi na kukaa upande upande kama kiti kina miiba. Jagi la maji halimtoki mkononi. Sare za shule zikarundikana mezani, na wenye sare wakaanza kuja kugonga mlango. Kaka yako alisema ni joto na umri. Mama mwenyewe akiulizwa alisema amechoka tu.

Aliyefichua jambo ni muuza dawa wa hapa mtaani. Nilipita kwake kununua dawa ya kichwa. Akainama juu ya meza, akaniuliza kwa sauti ya chini kama zile fangasi zangu zimekwisha, au nataka pakiti nyingine ya vidonge vya kuingiza ukeni. Akaendelea kwa huruma kwamba nina bahati ya mkwe, maana kila mara anakuja kuninunulia mwenyewe ili nisione haya. Wifi, nilichukua dawa yangu nikatoka, na kichwa chenyewe sikukikumbuka tena.

Njiani nilicheka peke yangu kama mwehu, halafu kicheko kikakatika. Nilimfikiria Mama, mtu mzima anayeheshimika mtaa mzima, amesimama dukani anatunga maneno ili ugonjwa wake uwe wa mtu mwingine.

Nilimkuta chumbani kwake, ameketi ukingoni mwa kitanda, na mbele yake beseni la maji moto aliyotia chumvi na ile dawa ya kusafishia vidonda. Unajua mimi na Mama tunavyoheshimiana. Mambo ya mwili hatujawahi kuyagusa. Nikakaa chini sakafuni, nikamwambia muuza dawa amenijulia hali. Alielewa papo hapo. Akageuza uso ukutani akalia, kile kilio cha mtu asiyetaka kusikika.

Alipoweza kusema, alisema, "Mimi ni mjane, mwanangu. Nikienda kusema nawashwa huko, watauliza nimelala na nani."

Hilo ndilo lililokuwa linamtafuna kuliko hata muwasho. Alinieleza taratibu, macho chini. Uke ulikuwa unamwasha mchana kutwa, anatokwa na uchafu mweupe, mzito, wenye mabonge kama maziwa yaliyoganda, na ngozi ya nje imechubuka hadi mkojo unamchoma. Akitumia vile vidonge anapata nafuu, kisha mambo yanarudi palepale. Kila yanaporudi anajiosha zaidi, mpaka ndani, kwa sabuni ya kufulia. Simu yako ikilia, alikuwa anaogopa utamuuliza hali naye atalia.

Kesho yake sikufungua saluni. Wateja wangu wakakaa na nywele zao nusu zimefumuliwa, watanisamehe. Kaka yako tulimwambia tunakwenda kupima macho.

Hospitalini tulimpata daktari mwanamke, wa makamo, mwenye sauti ya chini. Nilitaka nisubiri nje, lakini Mama alinishika mkono akaukaza, nikabaki. Alimpima nyuma ya pazia, akachukua majimaji kwa kijiti cha pamba yakapimwe maabara. Majibu yalipokuja yakawa ni fangasi. Akamwambia Mama kwamba fangasi hao huishi mwilini mwa wanawake wengi kimya kimya, na huzidi mwili ukiwa umevurugika. Mwanamke asiyelala na mtu yeyote anaweza kuwapata. Niliona mabega ya Mama yakishuka.

Akatueleza pia kwamba si kila uchafu wa ukeni ni fangasi. Kuna ule mwepesi wa kijivu wenye harufu kama ya samaki, unaotokana na bakteria kuzidi, na kujiosha ndani huuchochea. Kuna ule wa njano au kijani, wakati mwingine wenye povu, ambao mara nyingi hupatikana kwa kujamiiana, na huo mtu hutibiwa pamoja na mwenzake. Kila mmoja una dawa yake, kwa hiyo kununua kwa kubahatisha ni kupoteza muda.

Kisha akauliza kuhusu kiu, na kwenda msalani. Akasema mwanamke aliyekwisha koma hedhi, fangasi wakimrudia rudia namna ile, lazima sukari ipimwe. Akamtoboa kidole, akaangalia, akaagiza damu ya mkononi ipimwe tena kwa uhakika. Ni kisukari, wifi. Kilikuwa kinamnyemelea na sisi tunasingizia joto.

Mama hakuuliza habari za sukari kwanza. Aliuliza kama ugonjwa umempata kwa uchafu wake.

"Hukukosa usafi, mama," daktari akamjibu. "Uliuzidisha."

Alipewa dawa za fangasi, za kutumia mpaka ziishe, na vidonge vya sukari. Ndani haoshi tena, na nje ni maji matupu. Muwasho umekwisha. Cherehani inalia tena tangu asubuhi, na sare zote zimeshachukuliwa. Kisukari bado tunapambana nacho. Chai isiyo na sukari anaiita maji ya kusuuzia sufuria, lakini anainywa. Kaka yako anajua habari ya sukari. Hayo mengine hajaambiwa, na ameona busara asiulize.

Nawe wifi yangu, nakuomba ukapime sukari, maana ugonjwa huu hutembea ndani ya ukoo. Na yale manukato ya sehemu za siri uliyotutumia, nisamehe, nimeyaweka kando. Daktari amesema huko hakuhitaji manukato.

Juzi binti yetu alikuwa anaficha nguo zake za ndani chini ya godoro. Ameanza kuona majimaji meupe, akadhani anaumwa. Kabla sijafungua mdomo, Mama alimwita, akamkalisha kando ya cherehani.

"Huo ni ute tu, mke mwenzangu," akamwambia. "Mwili unajisafisha wenyewe. Ukibadilika rangi, ukinuka, au ukikuwasha, njoo uniambie siku hiyohiyo. Mimi nilikaa kimya, nikaumia bure."

Mtoto akamuuliza maswali ambayo mimi yangenitoa mbio. Bibi yake akayajibu yote huku anatia uzi kwenye sindano.

Kaka yako anakusalimu, na binti yetu anamwamkia shangazi yake. Shoga yako wa saluni anakuulizia kila wiki. Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Barua hii nimemsomea Mama kabla ya kuifunga. Mwanzo niliandika tu kwamba alikuwa na maumivu ya tumbo la chini. Akasimamisha cherehani, akanambia nimeficha ficha, niandike uke, niandike muwasho, ili mwanawe aelewe. Nikachana karatasi ile, nikaandika upya hii unayoisoma.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye kama ndugu wa tumbo moja,

Mke wa kaka yako