Umepona, Lakini Huwezi Kutoka

Hospitalini, 9 Januari 2019

Dada yangu Hermínia,

Salamu nyingi. Magoti yanaendeleaje na baridi hii? Mimi ni mzima, na hilo ndilo tatizo. Nyonga niliyovunja nilipoanguka nikichuma mizeituni imeunga, na daktari alisaini nitoke tarehe tatu Desemba. Mpaka leo niko hapahapa.

Daktari anasema, "Mzee Adelino, umepona, kazi yangu imekwisha." Afisa ustawi wa jamii anasema siwezi kwenda nyumbani bila mtu wa kunihudumia, na wahudumu wao hawavuki kwenda wilaya yetu. Kila mmoja ana faili lake, na mafaili hayo hayajawahi kuonana.

Muuguzi kaniambia ipo njia. Ukisaini kwamba utanitunza, natoka wiki hiyohiyo. Fomu ni hii. Saini tu, dada. Nimechoka na supu isiyo na kitunguu saumu.

Kaka yako,
Adelino

Vale de Murta, 17 Januari

Kaka Adelino,

Nimefurahi kusikia nyonga imeunga. Mimi magoti ni yaleyale, namshukuru Mungu.

Fomu imekaa mezani siku tano. Juzi nilimwomba jirani Celeste alale kitandani kwako, nijaribu kumwinua. Unamjua Celeste, mwembamba kama njiti ya kiberiti. Tukaanguka wote wawili. Tulicheka mpaka machozi, ila yangu hayakukoma.

Nina miaka themanini na moja, kaka. Fomu inauliza jina langu, anwani, na mimi ni nani kwako. Haiulizi kama naweza. Sikusaini. Nilimpigia afisa ustawi nikamweleza ukweli.

Nisamehe.

Dada yako,
Hermínia

Vale de Murta, 21 Februari

Kaka,

Hujambo? Hii ni barua ya tatu bila jibu. Nikipiga simu wodini naambiwa, "Amelala." Saa tano asubuhi? Kama una hasira nitukane, lakini andika.

Dada yako

Hospitalini, 6 Machi

Dada yangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Sikuwa nimelala. Niliwaambia waseme hivyo. Nilijiambia umenitupa.

Kitanda cha pili alikuwapo Zeferino. Mkewe alisaini, wakaondoka kwa shangwe. Siku ya tisa akarudishwa na vidonda mgongoni, na mkewe akalazwa wodi ya wanawake, mkono umevunjika.

Nikamwuliza, "Mkeo alikwambia anaweza?"

Akageukia ukutani. "Sikumwuliza."

Nami sikukuuliza.

Basi nikagoma kula mpaka daktari na afisa ustawi waje kwangu pamoja. Walikuja kesho yake. Ofisi zao ziko ghorofa moja, dada, na ilibidi watambulishane! Robo saa tu ikatosha. Daktari hakujua kwamba mlangoni kwetu kuna vidato kumi na vinne. Afisa hakujua kwamba nikipata mazoezi naweza kutembea na fremu. Mimi nimelala katikati, nawasikiliza wakishangaana.

Nahamia makao ya wazee ya wilaya yetu Jumatatu. Kuna mtaalamu wa mazoezi mara tatu kwa wiki. Baada ya miezi minne watakaa tena, wote wawili, waone kama narudi nyumbani. Wamesaini karatasi moja. Huenda nisirudi. Nimeliwaza hilo pia, na limeniuma.

Kaka yako,
Adelino

Vale de Murta, 9 Machi

Kaka Adelino,

Mimi mzima. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, mtu wa posta hajafika hata kwa Celeste.

Umeandika kwamba hukuniuliza. Nimemuuguza mama, nikamuuguza baba, nikamuuguza mume wangu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza kama naweza. Wewe ndiye wa kwanza kuona kwamba kulikuwa na swali.

Basi la Jumapili ijayo linafika hapo makaoni saa nane mchana. Sitakuogesha, sitakuinua. Nitavaa gauni langu la bluu, tutakaa.

Niulize habari zangu. Nina mengi ya kujibu.

Dada yako,
Hermínia