Kikande Asiye na Sumu

Jumatano, 1996. Mvua ya alasiri imepiga mabati ya darasa mpaka mwalimu akanyamaza. Nimefika nyumbani nimelowa chapachapa, na nina dharau tele.

Kwanza namdharau samaki. Ni kikande mdogo wa kwenye matumbawe, urefu wake kama kidole changu. Hana sumu hata tone. Basi amejivika rangi za bunju, samaki ambaye sumu yake inaua: mwili mweupe, mabaka manne meusi mgongoni, mkia wa manjano. Samaki wakubwa wakimwona wanageuka. Kitabu cha maktaba kinasema ukimtazama vizuri utamtambua kwa mapezi yake, marefu kuliko ya bunju, na kwa mwiba mdogo anaoulaza mgongoni. Lakini nani humtazama vizuri?

Kuishi ndani ya shati la kuazima. Hata omena wa ziwani ana heshima zaidi.

Pili namdharau Shivachi wa darasa letu. Chama cha wanyamapori kitapeleka mwanafunzi mmoja Mombasa akaone matumbawe, na leo wanaotaka nafasi hiyo walitakiwa kusimama washindane kwa hoja. Wiki nzima Shivachi ametangaza kwamba mjomba wake wa chuo kikuu amemfunza, na atakayempinga atatoka akilia. Wote wakajiondoa, kama wenye mafahali wa kupigana kule Malinya wanavyowarudisha nyumbani wakisikia fahali wa mwenzao amelishwa dawa.

Akasimama peke yake. Mwalimu akamwuliza matumbawe ni nini.

"Ni mawe, mwalimu. Kama lile jiwe la Ilesi, ila haya yako majini."

Mawe. Ni wanyama, wadogo wadogo, maelfu kwa maelfu. Mwalimu akakohoa, akauliza kama hakuna mwingine. Mmbone, ninayeketi naye, akanifinya paja akinong'ona, "Si uinuke, wewe? Unaogopa huyu wa mawe?"

Sikuinuka.

Nami nimesoma habari za bahari muhula mzima, bahari ambayo sijawahi kuiona. Jina la Shivachi litapelekwa ofisini kesho.

Kwa hiyo dharau iliyobaki najua ni ya nani. Kikande angalau anajitahidi. Yule samaki mkubwa mwenye meno anayemkimbia, huyo sijui nimwite nani.

Kesho, kabla ya paredi ya asubuhi, nitabisha mlango wa walimu. Nitamwambia mwalimu kwamba matumbawe ni wanyama, na kwamba nataka kushindana na Shivachi.