Shahidi wa Ukoo

Pasiansi, Jumanne, Juni 1994

Wosia wangu haufai. Wakili ameniambia leo: kwa sheria za mila, mmoja wa mashahidi wawili lazima awe wa ukoo. Wangu wote ni wenzangu wa gazetini.

Kaka hawezi kushuhudia, maana ni mrithi. Ndiye pia aliyekwisha kumwambia mke wangu, Rebeka, kwamba nikifa nyumba hii ni ya ukoo.

Amebaki shangazi, mwalimu mstaafu wa Butimba. Nimemwendea jioni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekonda. Hayo magazeti ya watu binafsi hayalishi?"

Nikamweleza kuhusu uvimbe tumboni na upasuaji wa Alhamisi. Akausoma wosia polepole, kisha akanirudishia bila kusaini.

"Ukifia mezani, kijijini watauliza nani alijua mapema. Watakuta jina langu. Na macho yangu haya mekundu unayaona."

Nimeandika habari za vikongwe waliokatwa mapanga, wakiitwa wachawi kwa sababu ya macho kama hayo. Niliziandika, nikaenda kula. Leo chakula hakipiti. Naogopa kisu cha daktari, namwogopea Rebeka, na sasa namwogopea shangazi.

Nilipofika mlangoni akaniita. "Mashahidi tunasaini pamoja?"

"Pamoja, shangazi, na mimi nikiwepo."

"Basi nitavaa miwani ya jua."

Hakucheka, nami sikucheka.

Kesho saa nne asubuhi, ofisini kwa wakili.