Mtahini Nyuma ya Mlango

Jumatatu, 6 Mei

Maneno mapya ya Kiholanzi leo, ukurasa mzima. Waholanzi waliondoka Java kabla sijazaliwa, lakini sheria zao za madai wakatuachia, na maneno yake hayatafsiriki vizuri. Basi kila mwanafunzi wa sheria hapa Salatiga huyakariri, hata mimi, bibi wa miaka sitini na saba niliyefundisha sarufi maisha yangu yote. Nayapenda! Marefu, magumu, kila kiungo mahali pake.

Danang, anayeketi kando yangu, anasema yanafanana na mtu anayesafisha koo. Nikamwambia akae wima. Akakaa, kisha akanong'ona: "Bibi Kus, ukihitimu hakimu mwenyewe atakaa wima!" Tukacheka kwa sauti. Nugraheni, mhadhiri wetu, akasubiri kwa adabu hadi tulipomaliza. Mhadhiri! Ilimpasa atufokee sote wawili. Lakini nilimfundisha tangu kidato cha kwanza, basi hawezi.

Jumanne, 14 Mei

Jaribio la mdomo. Danang alitoka shati limelowa. Laras, mwenzetu darasani, alitoka analia, akacheka, akaenda kununua kashata za karanga.

Zamu yangu. Nugraheni alisimama, akashika mkono wangu akaupeleka kwenye paji la uso wake, heshima ya mtoto kwa mkubwa, akanivutia kiti. Akauliza: goti langu limepona? Wajukuu wazima? Nikajibu. Kisha akasema, "Haya, Mwalimu, asante sana." Nikauliza maswali yako wapi. Akainamisha kichwa. "Jamani, Mwalimu! Mimi nikuhoji wewe?"

Nimepata A. A ya goti!

Jumatano, 15 Mei

Danang hanielewi. "Wenzako tunakesha kuitafuta hiyo A, Bibi, wewe unailalamikia!" Laras akasema nimwachie yeye kama imenizidi.

Mtihani wa mwisho ni Juni, wa mdomo pia, na mtahini ni Nugraheni yule yule. Nikifaulu, nahitimu pamoja nao. Nikishindwa, narudia mwaka. Yote mawili nayakubali. Kupitishwa bila kuulizwa — hilo silikubali. Nataka kufanya kazi kwenye kituo cha msaada wa sheria pale karibu na soko. Siku mama muuza mboga atakapoletewa barua ya kuondolewa kibandani, wakili wa upande wa pili hataniuliza habari za goti.

Jumatatu, 20 Mei

Neno la leo: *wraking*. Haki ya mwenye kesi kumkataa hakimu aliye na uhusiano na mmoja wa wahusika. Na pacha wake, *verschoning*: hakimu kujitoa mwenyewe. Nimekaa nayo siku nzima kama peremende mdomoni.

Darasani niliinua mkono. Je, uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi wake wa zamani unahesabiwa? Danang akalaza kichwa mezani, mabega yanatikisika. Uso ukamwiva Nugraheni. Akasema ni swali zuri sana, Mwalimu.

Bila shaka. Maswali yangu yote ni mazuri sana!

Jumanne, 21 Mei

Nimempelekea mkuu wa kitivo ombi. Ukurasa mmoja, hakuna nukta iliyokosewa. Ninamkataa mtahini wangu. Nimempa Nugraheni nakala mkononi, ndiyo haki. Akaipokea kwa mikono miwili na kunishukuru.

Ijumaa, 31 Mei

Mkuu mpya wa kitivo ameniita. Mlango ulipofunguka nikajua nimekwisha. Widagdo! Kidato cha tatu, dawati la dirishani, maganda ya karanga sakafuni. Akanishika mkono, akaupeleka kwenye paji la uso.

Alikuwa ametafuta kweli, maskini. Wanaoweza kutahini somo hili ni wachache, na wote ila mmoja wamepita mikononi mwangu. Huyo mmoja hanijui, ila mama yake nilimfundisha, na huyo mama amekwisha kumpigia mwanawe simu kumwonya. "Tukuletee mtu kutoka wapi, Mwalimu? Uholanzi?"

Nilicheka hadi machozi, naye akacheka. Kisha nikamwambia afunge kifungo cha shati. Akafunga.

Jumatatu, 3 Juni

Nugraheni amekuja nyumbani na lumpia za moto, vitafunio vya kukaanga. Aliketi ukingoni mwa kiti. Akasema hanidharau, Mungu shahidi. "Nikikutazama tu, Mwalimu, najiona na sare, soksi zimeshuka. Swali linanifia mdomoni."

"Na usiponitazama?"

Akaacha kutafuna. Akatazama mlango wa jikoni. Nami nikautazama. Tukaanza kucheka kama wasichana, lumpia zikapoa.

Alhamisi, 13 Juni

Naandika kwenye benchi la korido. Sijui nini kitatoka.

Tumefanya hivi: Nugraheni ofisini kwake, mimi chumba cha mafaili, mlango kati yetu umeachwa wazi kidogo. Widagdo upande wake, shahidi. Mwanzoni sauti ya Nugraheni ilikuwa ya mwanafunzi. Samahani Mwalimu, kama si usumbufu, nini maana ya *verstek*? Hukumu inayotolewa mdaiwa asipofika, nikasema, na uniulize kama unavyomwuliza Danang!

Kisha sauti ikaja nyingine kabisa.

Mkulima ameahidi kupeleka vitunguu Januari. Mvua imenyesha, vimeoza. Anaweza kujitetea kwa *overmacht*, jambo lililomzidi nguvu? Nikajibu upesi kwamba anaweza, mvua ni ya Mungu.

"Mvua ya Januari? Hapa Java? Nani asiyeitarajia?"

Alikuwa sahihi! Niliposhika jibu alikuwa amekwisha kuuliza lingine, na lingine. Mengine nilijibu vizuri. Moja nilijibu nusu. Jasho limelowesha kola — mimi! Kisha nikaambiwa nisubiri nje.

Wanabishana, nasikia. Widagdo anambembeleza: mpe tu, ni mwalimu wetu. Nugraheni anasema hapana. "Lile la mvua alikosea. Mteja wake angeshindwa kesi." Nilikuwa karibu kuinuka nikamkumbatie. Nimebaki nimekaa. Haifai mtahiniwa kumkumbatia mtahini.

Kwenye ngazi Danang na Laras wananionyesha ishara, midomo imejaa kashata. Nimewakunjia uso. Wamecheka.

Mlango umefunguka.

"Kustiyah!"

Bila kuniita Mwalimu. Bila chochote. Nugraheni amesimama mlangoni, ananitazama usoni, mkono wake hautafuti wangu. Limebaki swali moja, anasema, na hili ataliuliza ana kwa ana. Namwomba nimalize sentensi. "Utaimaliza baadaye. Kaa wima, na hiyo kalamu weka chi—